Siku Tuliyompigia Atieno Sufuria

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani, nikajuta kabla ya saa nne. Shule ilikuwa ya wavulana, karibu na soko la Rodi Kopany kule Homa Bay, na mimi nilikuwa mwanamke kijana aliyeishia darasa la nne. Msimamizi wa jikoni, Mama Dorina, alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye hivyo viatu, kisha akauliza:

"Umewahi kusonga ugali wa watu wangapi?"

"Wa watu tisa, mama."

"Basi hujawahi kusonga ugali."

Akanipa mwiko. Mwiko wa shule si huu mnaoujua nyumbani. Una urefu wa mpini wa jembe, unashikwa kwa mikono miwili, na nguvu haitoki mkononi, inatoka kiunoni. Unga unautia kidogo kidogo. Ukiumwaga wote kwa pamoja unapata madonge, yaani mabonge yenye unga mbichi ndani. Siku hiyo nilipata madonge ya kutosha kujenga ukuta. Mama Dorina alilivunja moja kwa kidole, akalitazama, akaniambia, "Hili likiingia kwenye sahani ya naibu wa mwalimu mkuu, leo utalala kwenu."

Lakini yeye ndiye aliyenifundisha jambo kubwa kuliko ugali. Kupakua, alisema, ndiyo kazi yenyewe. Wavulana walikuwa na ujanja wa kurudia mstari: anakula upesi, anavua sweta, anarudi kama mtu mpya. "Mwite jina," Mama Dorina aliniambia. "Ukishalijua jina lake, hawezi kuwa watu wawili." Hivyo nikaanza kuyashika majina, na hadi leo hayajaniacha. Niulize aliyekaa mwisho wa mstari mwaka wowote, nitakwambia ni Okoth Vitalis au ni Ouma yule wa Ndhiwa aliyechukia maharagwe.

Nilipohamia Migori, kwenye shule ya wasichana upande wa Suna, nilikuwa nimeshakuwa msimamizi mwenyewe. Wasichana wakaniita Dani, maana yake bibi kwa Kijaluo. Msaidizi wangu alikuwa Mama Robi, Mkuria mwenye mdomo mkali na mkono mzuri wa chumvi. Juu yetu alikuwepo Madam Principal, mwanamke wa haki lakini mwenye hofu na aibu. Shule ikishindwa kitu, yeye hakulala.

Katika shule hiyo ndimo nilimopata Atieno Mercy, binti wa Ogutu, kutoka Masara kule kwenye machimbo ya dhahabu. Tangu Kidato cha Kwanza alikuwa wa kwanza, hata kwenye mstari wangu alifika wa kwanza. Alitaka kusomea mawe na udongo, ili mashimo yaache kuwaangukia watu wa kwao. Mwalimu Okeyo, aliyehusika na kuwashauri wasichana, akamwambia kuna vyuo vikubwa ng'ambo, vya wale watoto wanaotajwa kwenye redio, vinavyomlipia kila kitu mwanafunzi wanayemtaka. Ila kuna mtihani wao wa kuingilia, unafanywa kwa kompyuta.

Akaenda Kisumu kuufanya wakati wa likizo ya Agosti, akiwa Kidato cha Nne. Majibu yalipokuja, alama zilikuwa chini. Si chini kidogo. Chini.

Alikuja jikoni akaketi juu ya gunia la mahindi. Mama Robi akamwekea ukoko wa ugali, akaukataa. Hapo nikajua mambo ni mazito.

"Hesabu zilikushinda?" nikamuuliza.

"Hapana, Dani. Nilizijua. Niliandika njia yote."

Niwaeleze wasiojua. Shuleni kwetu, hesabu ina alama za jibu na alama za njia. Mwalimu anataka kuona ulivyofika pale, mstari kwa mstari, ukipigia jibu mstari kwa rula. Atieno alifanya hivyo hivyo kwenye karatasi waliyompa ya kufanyia hesabu pembeni, kwa mwandiko msafi, swali baada ya swali. Saa ikaisha maswali mengi hajayagusa. Na ile karatasi?

"Waliichukua wakaitupa," akasema. "Hakuna aliyeisoma."

Mama Robi akaangua kicheko, akajaribu kukizuia kwa leso, akashindwa. "Yaani umewapikia chakula kizuri wakamwagia kuku!" Atieno akamkodolea macho, halafu naye akacheka, machozi yakimtoka. Akauchukua ukoko.

Madam Principal hakucheka. Alisimama mlangoni akasema kwa upole, "Mwambieni aombe vyuo vya hapa nchini. Kwa alama hizo wale watu watamrudisha kama barua isiyo na stempu, na mtoto ataumia." Mwalimu Okeyo akajibu kwamba vyuo vingi siku hizi vinasema wazi: mtihani ule ukitaka tuma, usipotaka usitume. Wataangalia kazi yake ya miaka minne, maneno ya walimu wake, na insha anayoandika kujieleza yeye ni nani. "Jaribuni," Madam akasema. "Lakini mimi sitaki kumwona akilia."

Basi yote yakaegemea kwenye insha. Mwalimu Okeyo akamwambia amsomee mtu anayemfahamu, naye akaileta kwangu, tukiwa tunachagua maharagwe. Akatafsiri kwa Kiswahili, si Kijaluo, ili Mama Robi naye asikie:

"Mimi ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu. Natoka katika familia ya hali ya chini. Naomba kwa unyenyekevu mnifikirie."

Mama Robi akainua kichwa. "Huyo ni nani?"

"Ni mimi."

"Hata punda wetu wa kuni ana nidhamu. Naye tumpeleke ng'ambo?"

"Mtu hawezi kujisifu, Mama Robi. Ni majivuno."

Hapo nikaweka ungo chini. Sisi Wajaluo tuna kitu tunachokiita pakruok. Kwenye sherehe, nyatiti, ala yetu ya nyuzi, inalia, watu wanacheza, mtu anainua mkono na ngoma inasimama. Anajitaja: yeye ni nani, binti wa nani, ameweza nini. Watu wanashangilia, ngoma inaendelea. Si majivuno, kwa sababu mahali pake ni pale na wakati wake ni ule. Ukinyamaza, watu watadhani huna kwenu.

"Hao watu wa chuo," nikamwambia, "wamekusimamishia ngoma. Wewe unawaomba chumvi."

Nikachukua mwiko, nikapiga sufuria kubwa tupu. Ikalia kama kengele ya kanisa. "Nani anasimamisha ngoma?"

Akaficha uso. Nikapiga tena. Mama Robi akachukua kifuniko akapiga pia. Wasichana wa zamu waliokuwa nje wakimenya viazi wakajaa mlangoni.

Atieno akainua mkono, kwanza nusu. "Ni mimi."

"Wewe nani? Hatusikii!"

"Ni mimi Atieno, nyar Masara, msichana wa Masara! Binti wa Ogutu anayeshuka shimoni kwa kamba!"

"Eeeh! Binti wa Ogutu!"

"Mimi niliyekaa mdomoni mwa shimo nikiwa mdogo, nikasikia mchanga unachuruzika ndani ya mwamba! Wanaume wakaniambia ni panya. Nikapiga kelele mpaka wakapanda, na ukuta ukaanguka nyuma yao! Mimi ninayejua mwamba mzima na mwamba mgonjwa kwa kuugonga na jiwe!"

Mama Robi alipiga vigelegele mpaka mlinzi wa geti akaja mbio akidhani kuna moto.

Kelele zilipotulia nikamuuliza, "Hilo mbona hukuliandika?"

"Dani, hayo ni mambo ya nyumbani."

"Kwani wamekuuliza mambo ya nani?"

Akaanza upya, palepale juu ya gunia. Kabla ya kutuma akanirudia na jambo lililomsumbua. "Ile alama, nisipoituma, si ni kudanganya?"

"Wamekuambia ni hiari yako?"

"Ndiyo."

"Ulishasikia mtu kwenye pakruok akitaja siku aliyoanguka na mtungi?"

Akatuma bila alama.

Matokeo ya Kidato cha Nne yalipotoka, alipata A. Lakini majibu ya ng'ambo yalianza kuja, na yalikuwa hapana. Hapana, halafu hapana nyingine. Madam Principal hakusema, "Niliwaambia"; alikuwa akipita jikoni tu, akiuliza kwa macho.

Kikabaki chuo kimoja. Mwisho wa muhula wa kwanza ndipo nilipostaafu. Asubuhi ya sherehe yangu, Atieno akatokea jikoni na vumbi la Masara kwenye viatu. Jibu lilikuwa limefika, alikuwa hajalifungua. "Nataka kulifungulia hapa," akasema. Mwalimu Okeyo akampa simu yake. Akalisoma jibu mpaka mwisho. Akairudisha simu, akaja hadi nilipokuwa, akautwaa mwiko mkononi mwangu.

Akapiga sufuria.

"Simamisheni ngoma! Mimi Atieno, nyar Masara, nimeitwa! Na karo wanalipa, na nauli wanalipa!"

Madam Principal alicheza siku hiyo. Alivua viatu.

Mchana, kwenye sherehe, nilikuwa nimejiandaa kusema asante na kuketi. Nilipoinuka tu, kule nyuma sufuria ikalia. Ilinibidi. Nikainua mkono: "Ni mimi Salome Auma, niliyesonga ugali wa watoto wa Homa Bay na Migori, na hakuna aliyepita mbele yangu bila jina!" Wakashangilia, nami nikaanza kuwataja mmoja mmoja, hadi chai ikapoa.

Sasa niko nyumbani, nalima mtama. Ninyi mnaoanza kazi hii, shikeni majina kabla ya kushika mwiko, mengine mtajifunza. Atieno hunipigia simu Jumapili. Mara ya kwanza nilimuuliza wanakula nini. Akasema ukumbi ni mkubwa, unapitisha kadi kwenye mashine, hakuna anayekuita.

"Anayekupakulia anaitwa nani?"

"Sijui, Dani."

Jumapili iliyofuata hata salamu hakunipa. "Anaitwa Gloria," akasema, akicheka. "Na leo ameniita Atieno."