Siku ya Tisa Bila Jembe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimekaa nyumbani kwetu juu ya Tengeru na sahani ya nyama mapajani, nyama laini kuliko zote, halafu nikatamani kulia. Mtu mzima, koti la Ulaya mwilini, analilia nyama na amejaziwa sahani. Cheka tu, hata mimi nacheka. Ila ngoja nikueleze ilikuwaje, maana najua uko huko mbali unajiuliza nirudi au nisirudi.

Mimi shule iliniacha kidato cha pili. Wenzangu husema wao ndio walioacha shule. Mimi yenyewe ndiyo iliyoniacha ikaenda zake. Kilichonifikisha Ujerumani ni kwaya. Nilikuwa sauti ya nne, na Mungu anisamehe, nilikuwa nafumbua mdomo tu. Wenzangu walipomaliza kuimba wakarudi, mimi nikabaki. Nikaosha vyombo hotelini Hamburg miaka kumi na moja, na kwenye simu namwambia baba mimi ni meneja.

Sasa lazima ujue kitu kimoja. Kwetu, kitinda mimba ndiye anabaki na wazazi. Kaka zake wanakatiwa vipande vyao vya shamba la migomba wanajenga pembeni; yeye anabaki nyumba ya baba, anamfungia mzee mlango jioni na kumfungulia asubuhi. Kitinda mimba wa mzee wetu ni mimi. Kwa hiyo kila Krismasi baba akiuliza, "Unarudi lini?" namjibu, "Mwakani, baba." Neno tamu hilo. Ukishalisema, wewe unalala vizuri na mzee analala vizuri.

Mwaka huo wa kumi na moja ndio nikaja, kwa wiki tatu. Kaka yangu mkubwa akachinja mbuzi. Katika ukoo wetu mbuzi haliwi ovyo, kila pande lina mwenyewe: hili la shangazi, lile la mtoto wa kwanza, na kiuno ni cha kitinda mimba. Tangu mdogo nimekula kiuno, hata nikiwa na homa nilikuwa nawekewa. Baba, macho yake yameshapungua, akawa anagawa kwa mkono wake na kuita kila mtu jina. Alipofika kwenye kiuno akaita, "Elibariki."

Elibariki ni mtoto wa kaka, wakati huo kijana wa miaka ishirini na kitu. Akapokea kwa mikono miwili, akakaa.

Nikaingiza utani. "Baba, umenisahau? Kitinda mimba niko hapa."

"Sijakusahau," baba akasema. "Wewe una nyama ya mgeni. Iko kwenye sahani, na uma wake."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningejitetea. Watu wakaendelea kula, nami nikakaa na uma wangu katikati ya damu yangu yote, mpweke kuliko nilivyowahi kuwa kwenye kile chumba changu cha Hamburg.

Shangazi Naomi, dada yake baba, akanifuata nyuma ya jiko. Huyu shangazi mdomo wake haukuwa na kifuniko.

"Umenuna kwa sababu ya mbuzi?"

"Sijanuna, shangazi."

"Umenuna. Haya niambie, baba yako anawekewa dawa ya macho saa ngapi?"

"Jioni?" nikabahatisha.

"Elibariki anajua. Na watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe leo siku ya tisa. Nani amekupa jembe?"

"Hakuna."

"Na wewe umeomba?"

Mwanangu, sikuwa nimeomba. Nilikuwa naamka saa tatu, nakuta chai mezani, wananiita mgeni wetu, na mimi najiona mfalme.

"Jembe hilo hapo ukutani," shangazi akasema. "Acha hiyo ndege iende. Utalima, watakucheka, watazoea."

Nikaliangalia lile jembe. Nikawawaza vijana wa Tengeru wakisema, mtu wa Ulaya kashindwa, karudi kulima migomba. Nikamwambia shangazi, "Mwakani." Akaingia ndani.

Niliporudi kweli kweli, baba alikuwa amelala chini ya migomba mwaka wa nne. Sasa nimepanga chumba mjini, Sombetini. Nyumba ya baba anayo Elibariki, na ni haki yake. Ni mtu mwema sana. Nikienda Jumapili mkewe anatandika kitambaa mezani, watoto wanasema shikamoo babu halafu wanakaa kimya kama amekuja mchungaji. Nikitaka kumsaidia kukata majani ya ng'ombe, ananinyang'anya panga taratibu. "Pumzika, baba mdogo." Kila mtu ananiambia nipumzike. Nimepumzika mpaka nimechoka.

Basi sikia, mwanangu. Sikulazimishi kurudi. Wasikutishe na ule msemo wa mwacha asili ni mtumwa. Wengi wanaokuambia hivyo wanangoja uwatumie simu. Lakini kama utarudi, rudi wakati bado kuna mtu wa kukukasirikia. Ukiona wanakupokea vizuri sana, ujue wameshajifunza kuishi bila wewe. Ukija likizo, siku ya kwanza tu vua viatu uombe kazi, hata ya kuzoa mavi ya ng'ombe. Na kama hurudi, mwambie baba yako, "Baba, sirudi." Utamuumiza mara moja, naye atajua ashike mkono wa nani. Mimi wangu nilimuumiza kidogo kidogo, kila Krismasi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Wazee wetu walibariki kwa kumtemea mtu mate kidogo kifuani. Kwa maandishi haiwezekani, na huko uliko wangeniitia polisi. Pokea maneno basi. Mungu akufikishe ungali na nguvu mikononi. Ukute mlango umeegeshwa, na ndani kuwe na mtu wa kukugombeza, akuulize ulikuwa wapi muda wote huo.