Kisanduku chenye Tone Jekundu

Gereji nzima ilimwita Bi Presha, na si kwa hasira zake peke yake. Hakuna pampu ya mafuta iliyotoka mikononi mwake bila kupimwa. Aliiwasha nusu dakika imwage petroli kwenye chupa yenye mistari, akasoma geji ya presha, kisha akarekebisha kile kisanduku kinachoiamuru pampu: wakati gani iende mbio, wakati gani ipunguze, na gari likigonga, izime papo hapo. Akiridhika, alidondoshea kisanduku tone la rangi nyekundu ya kucha. Hiyo ndiyo sahihi yake.

Kaka yake, mwenye gereji, alipima kwa sikio. Pampu ikinguruma, imepona. Kisanduku kikisumbua, alikiruka, akavuta waya kutoka betri hadi kwenye pampu, nayo ikasukuma mafuta kwa nguvu zote, hata gari likipinduka. Bi Presha akiuona waya ule alitema mate chini. Kwake ulikuwa kama nywele kwenye mchuzi.

Asubuhi moja mkunga wa mtaani alileta gari lake, pua kaziba kwa kanga.

"Dada, humu ndani kunanuka petroli. Jana nimembeba mama mwenye uchungu, kanitapikia njia nzima."

Gari hilo Bi Presha alilipima mwenyewe mwezi uliopita. Akafunua kiti cha nyuma. Kisanduku hakipo. Pana waya tu, umeviringishwa utepe, na mpira wa mafuta umeanza kuvuja kwa kuzidiwa na presha.

"Nani mwingine kalishika?"

"Kaka yako, juzi. Breki tu."

Bi Presha akakirudisha kiti. Akaenda moja kwa moja kwenye gari la kaka, akatoa kiti cha mtoto, akafunua. Tone jekundu likamtazama.

"Kaka! Hiki kimefikaje huku?"

Kaka akaja mbio, akimkonyeza apunguze sauti. "Changu kiliungua, mdogo wangu. Yule safari zake ni za hapa hapa. Waya unamtosha."

"Wewe haukutoshi?"

"Mimi nabeba watoto, bwana!"

Mkunga alikuwa amesimama nyuma yao. "Na mimi nabeba nini, baba?"

 Bi Presha alimtazama kaka huyo, aliyemlea mgongoni, akaona kinyaa kitupu. Aibu ya ndugu haina sabuni. Alikifungua kisanduku, akakirudisha kwenye gari la mkunga, akabadili mpira, akapima upya kwa chupa na geji. Waya ule mchafu akauweka juu ya kiti cha mtoto.

"Haya, uunge kwenye gari lako. Saa saba ukawachukue wanao shuleni."

Kaka aliushika waya, akaugeuzageuza, akautazama ule utepe alioufunga kwa mkono wake.

Saa saba ilipokaribia aliuweka chini, akanawa mikono, akaenda shuleni kwa miguu.