Mnazi wa Sebuleni

Mama mwenye nyumba wetu wa Buguruni alikuja mlangoni Jumapili moja asubuhi, akakalia ndoo yetu ya maji iliyofunikwa, akatuambia chumba chake anakitaka. Hakuwa na ugomvi nasi. Miaka sita tuliyokaa pale, alisema, hatujawahi kumrushia neno. Ila chumba chetu kilikuwa cha mbele, kinatazama barabara, na zama zile kila chumba kilichotazama barabara kilikuwa kinageuka kuwa kitu: duka, saluni, banda la kuonyeshea video. Majirani zake wa kulia na kushoto walikwisha kubomoa kuta zao za mbele. Yeye alikuwa ameamua saluni. Kiti alikuwa nacho tayari.

"Na nyie mtafute kwenu," alisema. "Mtakuwa watu wa kupanga mpaka lini?"

Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza amepunguzwa kazi. Shirika alilokuwa akitunza stoo yake lilikuwa linauzwa, na wafanyakazi hawakuwamo kwenye orodha ya vitu vinavyouzwa. Alipewa kiinua mgongo na barua ya shukrani. Barua ilikuwa na jina la mtu mwingine, limekatwa kwa kalamu, la kwake likaandikwa juu. Mimi nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali. Sikuwa nimepunguzwa, lakini mle ofisini tulikuwa tumeanza kutazamana.

Tukaamua kununua kiwanja kabla kiinua mgongo hakijaliwa. Kila mtu alitushauri Mbezi Beach. Tulikwenda kuiona Mbezi Beach, tukaiona, tukarudi. Mwishowe tulipata Kinyerezi. Kinyerezi ya wakati ule ilikuwa shamba: mikorosho, mihogo, minazi, na nyumba mojamoja zilizojitenga kama zimegombana. Gari liliishia Segerea, kutoka hapo unatembea. Wenzetu wa Buguruni walipouliza tunahamia wapi na tukawajibu, walituaga kama watu wanaorudi mkoani.

Aliyetuuzia alikuwa mzee wa Kizaramo, mrefu, mwenye sauti ndogo. Alipomsikia mume wangu akisema ni Mnyamwezi wa Tabora, alisimama katikati ya mihogo akamtazama juu mpaka chini.

"Kumbe namuuzia mpagazi wetu," alisema. "Babu zako walifika hapa na mizigo ya watu kichwani. Wewe umekuja mikono mitupu. Ukoo umeharibika."

"Mizigo ilikuwa yenu," mume wangu alimjibu. "Nyie mlishindwa hata kuiinua."

Wakashikana mikono wakacheka. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Wanatukanana, wananyang'anyana vitu, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mie ni mtu wa Masasi, kwa hiyo nilikuwa mtazamaji.

Mkataba uliandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Mipaka ilikuwa hivi: mashariki njia, kaskazini mkorosho, kusini mkorosho mwingine, magharibi, kwa maneno ya mwuzaji, "dada yangu". Nilimuuliza mjumbe kama dada wa mtu anaweza kuwa mpaka. Alisema dada huyo hajahama pale tangu azaliwe, mikorosho yenyewe haimfikii.

Katikati ya kiwanja palikuwa na minazi mitatu. Mkataba haukuitaja, na sisi hatukuiuliza. Mtu akikuuzia shati huulizi vifungo.

Fundi alipoanza kuchimba msingi, siku ya pili tu, alikuja mama mmoja mnene amejifunga kanga kiunoni, na nyuma yake mkwezi mwenye kamba na panga. Alitusalimia vizuri. Mkwezi akaukwea mnazi wa kwanza, akaanza kuangusha nazi ndani ya mtaro wa fundi. Yule mama alikuwa ndiye mpaka wetu wa magharibi.

"Shikamoo, bibi," nilisema. "Samahani, hiki kiwanja tumekinunua."

"Marahaba, mwanangu. Najua. Mmenunua ardhi kwa kaka yangu. Miti ni yangu."

Twende kwa mjumbe, tukaenda. Mzee mwuzaji naye aliitwa. Alikaa upande mmoja wa mkeka, dada yake upande wa pili, wakawa wanamtazama mjumbe tu, hata walipokuwa wanajibizana. Yule mama alieleza bila kupaza sauti. Baba yao alipokufa, mtoto wa kiume alipewa ardhi, yeye akapewa minazi iliyo juu yake. Kaka ameuza chake bila kumwambia, ni sawa, ni chake. Yeye cha kwake hajauza na hauzi.

"Ni kweli?" mjumbe alimuuliza mzee.

"Mie niliuza ardhi," mzee alisema. "Mnazi ni mti."

Mjumbe akaamua kwamba kila mtu amesema kweli, na kikao kikaisha.

Minazi miwili ilikuwa pembeni, haikutusumbua. Wa katikati ulikuwa umesimama mahali penye sebule. Tulimwomba yule mama atuuzie, akakataa. Tukamwomba tumfidie kwa minazi michanga kumi, popote atakapotaka. Akatuuliza kama mtu akimchukua mama yako akakuletea vitoto kumi vya watu, utakuwa umefidiwa. Fundi alijaribu kuisogeza ramani, lakini kiwanja kilikuwa chembamba na choo kilikwisha chimbwa. Buguruni kiti cha saluni kilikuwa kimeletwa kimewekwa mlangoni petu, tunakiruka kutoka na kuingia. Mume wangu akamwambia fundi ajenge tu.

Kwa hiyo tulihamia kwenye nyumba yenye vyumba viwili vilivyoezekwa bati, na sebule yenye kuta nne, mlango, madirisha mawili na mnazi. Juu palikuwa wazi. Wageni tuliwaweka kando ya kuta, kila mmoja peke yake, kama watu wanaosubiri kumwona daktari. Mkuu wangu wa kazi alipokuja kutupongeza hakutaka kukaa ukutani, akavuta kiti katikati, akiwa bado anashangaa. Koroma moja likaanguka kwenye chupa ya chai, hatua moja kutoka gotini pake. Alikunywa maji, akaaga, na Jumatatu ofisini aliniuliza kwa sauti ya chini kama tuna shida yoyote.

Kila baada ya miezi mitatu yule mama alipiga hodi na mkwezi wake. Tulitoa viti nje, mkwezi akapanda kutoka sebuleni kwetu akaangua. Mwenyewe alikaa barazani akipiga soga nami. Alikuwa na maneno mazuri na alijua kila mtu kutoka pale mpaka Segerea. Mume wangu alimwita mke wake mdogo, yeye alimwita mtumwa wake mtoro. Kila alipoondoka alituachia nazi mbili. Mume wangu aliudai mnazi kila mara, kwa utani, na kila mara alijibiwa kwamba mtumwa hamiliki.

Yule mama hakumtaja kaka yake. Tangu lile shauri la mkekani walikuwa hawasemezani, na nyumba zao zilikuwa mbali kama mtu anavyoweza kurusha kiatu. Ilipombidi kumtaja alisema "yule aliyewauzia".

Mwaka wa pili yule mzee akaanza kuumwa. Tulikwenda kumjulia hali, tukamkuta amekuwa mwembamba, kitanda kimemzidi. Nilipomweleza dada yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kuchambua mchele. Kesho yake alikuja na mkwezi, ingawa msimu wake haukuwa umefika, akaangusha madafu mawili.

"Mpelekeeni yule aliyewauzia," alisema.

Nilipeleka mwenyewe. Mzee alikunywa kidogokidogo, nimemshikia kichwa. Akauliza yametoka mnazi upi.

"Wa katikati," nilimwambia.

"Huo ndio mtamu," alisema. "Ndiyo maana baba alimpa yeye."

Niliyarudisha maneno hayo kwa dada yake kama yalivyo. Aliitika tu. Baada ya hapo madafu yalikwenda kila baada ya siku mbili, kupitia mikono yangu, mpaka mzee alipofariki, asubuhi moja, kabla sijatoka kwenda kazini.

Mazishi yalikuwa alasiri ya siku ileile. Wanaume walikwenda na jeneza makaburini, ng'ambo ya mikorosho. Sisi wanawake tulibaki nyumbani kwa marehemu, tumejaa mkekani. Dada yake alikaa ameegemea ukuta. Alikuwa hajalia tangu asubuhi, na watu walikuwa wameanza kulisema hilo.

Haikupita muda akaja mwanamume mmoja mbio, kanzu ameikunja mkononi.

"Mnyamwezi kaingia kaburini," alisema. "Kalala kwenye mwanandani. Hatoki."

Mtani msibani ana ruhusa zake. Anaweza kuficha jembe la kuchimbia, anaweza kuiga kilio cha mjane, na anaweza kulala mahali pa marehemu mpaka apewe kitu. Nililijua hilo. Nilikuwa sijajua kwamba nimeolewa na anayelifanya.

"Anataka nini?" yule mama aliuliza.

"Mnazi. Ule wa sebuleni kwake."

Wanawake wote walinigeukia. Mimi nilitazama mkeka. Ulikuwa wa ukili wa rangi mbili, nauona mpaka leo.

"Mwambie nampa kuku."

Yule mwanamume alikwenda, akarudi anahema.

"Anasema kuku anaye. Anasema humo ndani kuna ubaridi mzuri na hana haraka."

Mtu mmoja nyuma yangu alicheka akajiziba kwa kanga. Mwingine akafuata. Mimi nilitamani mume wangu atoke kaburini upesi, na nilitamani apewe ule mnazi. Vyote viwili nilivitamani kwa nguvu sawa, na niliona aibu kwa hicho cha pili.

"Mwambie na jogoo juu yake," alisema yule mama.

Safari ya tatu yule mwanamume alirudi akitembea. "Kajilaza upande wa kulia, kaelekea kibla. Shehe anasema jua linakwenda."

"Na kaka yangu yuko wapi?"

"Kwenye jeneza, pembeni. Anasubiri."

"Hakuwahi kusubiri huyo," alisema. "Shamba aliuza kabla hata hajaniuliza. Leo asubiri kidogo."

Nje mbuzi alikuwa anakula maganda ya mihogo. Kisha yule mama akasema, polepole, kama anayetoa maelekezo ya njia: "Mwambie atoke. Mnazi nimempa. Wa katikati peke yake, ile miwili sijampa. Amlaze kaka yangu vizuri."

Akavuta kanga, akajifunika uso, akalia. Alilia mpaka wanaume waliporudi, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mume wangu alirudi na udongo mgongoni. Nilimuuliza kama alipanga. Alisema mtu hapangi mambo kaburini. Nilimuuliza tena mara nyingi baadaye, miaka mingi, na hajawahi kunipa jibu jingine.

Hatukuukata upesi. Mume wangu, aliyeudai kwa zaidi ya mwaka, alianza kusema unatupa kivuli. Nilikwenda kwa mjumbe kuuliza kama zawadi ya utani ni zawadi kweli. Akasema cha utani hakirudi, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kupoteza baiskeli kwa njia hiyo. Baada ya arobaini nilimwendea yule mama nikamwambia kama amebadili mawazo sisi hatuna neno, tumekwisha zoea kukaa ukutani.

"Nimeshatoa," alisema. "Mnataka nitoe mara ngapi?"

Fundi aliukata kwa siku mbili, vipande vipande kutoka juu, ili usiangukie kuta. Yule mama alikuja na kikapu. Aliomba kile kiini cheupe cha kileleni, ambacho mnazi hukitoa mara moja tu kwa sababu ukikitoa umekufa. Alikikata vipande vyembamba kwenye baraza yetu, akatugawia, tukala na chumvi. Kilikuwa kitamu kuliko nilivyotaka kiwe.

Sebule ikaezekwa. Ikawa sebule kama za watu wengine, na giza lake. Wiki ya kwanza wageni waliendelea kukaa ukutani, nasi pia.

Mvua za masika zilipoanza, yule mama alikuwa anapita njiani mwetu na kuni zake, zikamkamata. Aliingia bila kupiga hodi, akakaa kwenye kochi. Mvua ilipiga bati jipya kwa kishindo ambacho hatukuwahi kukisikia, maana chumba kile hakikuwa na bati kabla. Alinena kitu, sikumsikia. Nami nikasema kitu, akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa. Tukaacha kujaribu. Tulikaa hivyo, yeye na mimi na mume wangu, mpaka ilipokatika. Kisha akachukua kuni zake, akasema "haya", akaenda kwake.