Mzigo Ufunguliwe Ufukweni

Nakumbuka siku baba mkwe wangu aliponisemesha. Ninyi, wanangu, mtaona si jambo. Lakini kwetu Wanyakyusa, zamani hizo, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutazamana wala kuongea. Akija njiani, nilijifunika khanga nikaingia migombani hadi apite. Ndivyo nilivyolelewa hapa Kyimo, na adabu hiyo nilikwenda nayo nilipoolewa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka kuwasalimu wazazi. Mama alinifungia ndizi kama tunavyofunga sisi wa huku juu: akazilaza ndani ya majani makavu ya mgomba, akazungusha kamba, mzigo ukawa mnene kama mtoto ndani ya blanketi. Niliporudi Kyela nilikuta wanaume wanajiandaa kuvuka kwenda kwenye kisiwa kidogo cha mawe walikoanika usipa, dagaa wa ziwa letu. Nikaupeleka mzigo moja kwa moja mtumbwini, wapate chakula.

"Weka chini!"

Ilikuwa sauti ya baba mkwe. Nikadhani anaambiwa mume wangu.

"Wewe, binti wa Kyimo! Weka chini huo mzigo, ufungue!"

Wavuvi wakageuka. Mmoja akacheka, "Leo mzee kasahau kuwa huyu ni mkwewe!"

Hakusahau. Alikuwa amenipa mgongo, anayatazama maji. Nikafungua huku uso unaniwaka kwa aibu. Panya akachomoka kwenye majani, akakimbilia kwenye matete.

"Kule shakwe wanataga chini, juu ya jiwe tupu," akasema. "Panya hawamjui. Akivuka mmoja mwenye mimba, wanawe watamaliza mayai, mwakani hakuna kifaranga. Na ndege wakihama, nani atatuonyesha usipa walipo?"

Hakunisemesha tena mpaka anakufa. Neno lake la pekee kwangu alilitumia kwa ajili ya ndege.

Mume wangu aliushika usia huo. Hata tulipohamia huku Kyimo, kila msimu wa kutaga alishuka Kyela, akakaa ufukweni anakung'uta mizigo ya watu. Walimwita Bwana Panya. Alicheka nao, lakini mzigo uliofungwa haukupita. Sasa amelala pale migombani, na udongo wake bado haujaota nyasi.

Na ninyi je? Juzi mlikaa uani kwangu, vijana wa kwaya, mnapanga safari ya kisiwani Jumamosi, na mizigo imeshafungwa kwa majani yale yale. Nikauliza kama mtaifungua ufukweni. Mjukuu wangu Tusajigwe akajibu, "Bibi, tunaenda kupiga picha tu, hatuli mayai." Mwingine akadakia, "Bibi na panya wake! Basi tutamkatia tiketi." Mkacheka wote.

Nimechoka, wanangu. Nimesema neno hili mpaka limekuwa kama kelele ya mashine ya kusaga, mtu anapita tu. Mlimlilia babu yenu kwa sauti zote nne za kwaya, watu wa Kyimo wakawasifu. Matanga hayajapoa, kazi yake mnaifanyia mzaha. Sasa mlikuwa mnamlilia nani?

Mdharau mwiba mguu huota tende. Sijawakataza kwenda ziwani. Nasema fungueni kila mzigo mchangani, mkung'ute jani kwa jani, hata kama mnaona aibu mbele za watu. Mimi niliona aibu kuliko ninyi. Mkikuta ndege wamelalia, msishuke. Zungukeni na mtumbwi, picha pigeni mkiwa majini. Mkishuka wataruka, na jua la kule halimsubiri mama arudi kulifunika yai. Hiyo spika yenu nayo iacheni nyumbani. Ndege hawakuomba kwaya.

Sijui mwaka huu wako wengi au wachache. Miguu yangu haishuki tena Kyela. Ninachojua ni kwamba Jumamosi hii ufukweni hakuna mtu wa kuwaambia wekeni chini. Aliyekuwepo tumemzika. Mnabaki ninyi na mikono yenu.

Basi Mungu awavushe salama, awarudishe mkiwa wazima, awape na ninyi wajukuu wanaosikia wakiambiwa mara moja. Na panya, abaki hapa Kyimo na mimi.