Balozi Hakatizi Maombi

Jumanne iliyopita, katika hoteli moja mjini Nyeri, nilikuwa msemaji wa wakulima wadogo wa kahawa kutoka Wamagana. Tulitaka balozi mmoja aisihi serikali yake itupe mwaka zaidi kabla ya kuanza sheria ya kukataa kahawa ya mashamba yasiyo na ramani. Hoja zangu nilizikariri hadi koma. Lakini kwetu mgeni haelezwi shida kabla hajala, na mukimo ulipoisha balozi alitazama saa, akasimama.

"Hawezi enda bila maombi," mama mmoja wa chama chetu akasema, akamshika mkono.

Balozi, ambaye Kiswahili anakijua vizuri, akafumba macho, na mama akaanza kuomba.

"Baba, huyu mtoto wako ako na haraka. Mkumbushe hiyo sheria ya ramani. Tunaomba mwaka moja tu. Na asipoambia wakubwa wake, Baba, usimpe usingizi."

Balozi akafumbua jicho moja. Mama akaukaza mkono.

"Na wote waseme?"

"Amina!" balozi akajibu kutushinda sote.

Jana msaidizi wake alinipigia simu. Ombi letu limeshatumwa, na mheshimiwa anauliza kama yule mama anaweza kuliondoa lile neno la usingizi.

Hoja zangu bado ninazo, pamoja na koma zake.