Japani ya Bujonde

Nafundisha Jiografia kwenye sekondari moja hapa Kyela, na kwa bahati mbaya naipenda. Nasema bahati mbaya kwa sababu mtu anayelipenda somo lake haliachi shuleni. Anarudi nalo nyumbani, analiweka mezani, anawalisha watu kwa nguvu. Ugonjwa wangu ni kulinganisha nchi. Nipe kikombe cha chai, nitakueleza kwa nini Niger inajaa watoto na Japani inafunga shule kwa kukosa wa kuwafundisha, kisha nitavuka Mto Songwe niingie Malawi na kurudi kabla chai haijapoa. Mume wangu alishajifunza kuitikia "enhee" bila kusikiliza.

Yeye ni mtu wa Bujonde, fundi wa pampu za maji. Mimi ni wa Muheza, na alinioa nikiwa nimejaa digrii na ujuaji. Kwao kuna desturi niliyoicheka siku ya kwanza, ikanicheka siku ya pili: mkamwana, yaani mke wa mtoto, haonani na baba mkwe. Hawasalimiani, hawakai chumba kimoja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja apotee. Huyo mmoja ni mimi. Siku hiyo ya pili nilikuwa nashuka njia ya shambani, mkoba begani, wifi yangu akapiga kelele, "Baba huyo!" akanisukuma kwenye migomba. Nikachuchumaa humo, mtaalamu wa maendeleo ya dunia nzima, siafu wananipanda, mpaka kikohozi cha mzee kilipopita. Miaka yote hii ya ndoa, baba mkwe wangu namjua kwa kikohozi.

Kuna jambo moja sikulilinganisha na mtu. Tulikuwa tunatafuta mtoto. Mimba mbili zilitoka, ya pili ikiwa imeshakuwa kubwa, hospitali huko Mbeya, na nikamwapisha mume wangu asimwambie mtu yeyote wa kwao. Niliogopa huruma yao, na zaidi niliogopa kinachofuata baada ya huruma: ukoo kukaa na kumtafutia mume wangu mwanamke wa kumzalia. Basi tukasema nilikwenda semina. Semina! Mpaka leo nikilisikia neno hilo natafuta udhuru wa kutoka nje.

Sasa mwaka jana akina mama wa kanisani kwa mama mkwe wakaniomba nikawazungumzie maendeleo. Mtu mwenye akili angezungumzia kukausha kokoa. Mimi nikaenda na karatasi za manila na kalamu za rangi. Nikabandika ukutani nchi kwa nchi: kasi ya watu kuongezeka, vifo vya watoto wachanga, wasichana wanaomaliza shule, umri wa kuishi. Wale mama walikuwa kwenye mabenchi, wengi na watoto mgongoni, wananitazama kwa ile heshima anayopewa mhubiri asiyejua kumaliza. Nikapandisha sauti: "Watoto wakiongezeka kuliko madarasa, watasomea wapi?" Wakapiga makofi. Jamani, makofi nayo yanalevya.

Ndipo mama mmoja wa benchi la nyuma akauliza, kwa utani tu, bila ubaya: "Na wewe mwalimu, uko nchi gani hapo ukutani?"

Kanisa zima likanigeukia. Nilijua mama mkwe ananiangalia. Ningeweza kusema "tuombeane" nikakaa. Neno hilo limewaokoa wengi. Badala yake nikacheka, nikagonga karatasi kwa kidole. "Mimi? Mimi ni Japani!" Walicheka mpaka watoto wakaamka migongoni. Mimi nilicheka kuliko wote.

Maneno hayo yalifika nyumbani kabla yangu, na njiani yalikuwa yamenenepa. Katikati ya wiki wifi akanivuta pembeni. "Wifi, eti umefunga kizazi kwa ajili ya maendeleo ya nchi?" Nilitaka kucheka, nikaona macho yake hayacheki. Akaniambia Jumapili ukoo unakaa, na mzee ndiye atakayetoa neno la mwisho.

Wanaume walikaa uani kwenye viti, pamoja na shangazi wa mume wangu, ambaye umri umempa kiti popote. Mimi nilikuwa jikoni, maana alipo baba mkwe mimi sipo. Hebu ona vituko: kesi ni yangu, na mshtakiwa yuko nyuma ya ukuta anamenya ndizi, haruhusiwi kujibu hata neno.

"Amesema kwa kinywa chake, tena kanisani," shangazi alikuwa anafoka. "Huku si Ulaya!"

"Japani haiko Ulaya," nikainong'oneza ndizi. Mungu anisamehe, hata hapo nilikuwa nasahihisha.

"Kijana atafutiwe mwenzie wa kumzalia," shangazi akamalizia.

Mume wangu kimya. Nikamlaani moyoni, halafu nikakumbuka ni mimi niliyemwapisha; maskini wa Mungu alikuwa anatii tu. Kikohozi kikasikika. "Sema, mwanangu," baba mkwe akamwambia. "Ni kweli mkeo hataki kuzaa?" Nikajua akinyamaza hivyo kidogo zaidi, nimeachika.

Mama mkwe alikuwa nami pale jikoni, anachochea moto. Kuongea na baba mkwe siwezi. Kuongea na mama mkwe naweza, na hakuna desturi iliyosema niongee naye taratibu. Nikaweka kisu chini, nikamgeukia, nikapaza ile sauti ya darasa lililojaa.

"Mama, mimi si Japani! Nilibeba mimba mbili, Mama, zote zikatoka. Ile semina ya Mbeya haikuwa semina. Mtoto namtaka mpaka naumwa. Mwanao anajua, mimi ndiye niliyemkataza kusema."

Mama mkwe akaacha kuchochea. Nilishaanza kupanga sanduku kichwani, basi la kwenda Muheza, na uongo nitakaomwambia mama yangu mzazi.

Baba mkwe hakuongea nami. Aliongea na mkewe kupitia ukuta, kama nilivyofanya mimi.

"Mama, muulize huyo mwenzio. Wajukuu zangu wawili wamekufa. Kwa nini sikuitwa kulia?"

Huku msiba ni wa watu wote; mtu akifa, majembe yanawekwa chini na watu wanakuja kukaa na wewe. Mimi nilikuwa nimekaa na wangu peke yangu, na katika karatasi zangu zote sikuwa na mahali pa kuwaandika, maana kwa hesabu zangu hawakuzaliwa wala hawakufa. Nikasikia mzee anaagiza mikeka iletwe, watu washuke kwenye viti wakae chini. Shangazi akaingia jikoni, yule yule mwendesha mashtaka, akanishika mabega, akaanza kilio cha msiba kwa sauti yake yote. Nikalia naye. Nililia mpaka kamasi zikaingia kwenye ndizi, na hakuna aliyejali.

Tulipotulia kidogo, kikohozi kikasikika tena.

"Mama, muulize. Walikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kwanza hatukujua," nikamwambia mama mkwe. Sauti ya darasani ilikuwa imeniishia, ikabidi yeye ayarudie maneno yangu kwa nguvu yafike nje. "Wa pili alikuwa wa kike."

"Wa kike," mzee akasema huko uani, kisha akaanza kulia.