Tulivyompelekea pole mchezaji wa baseball kabla mkewe hajajua kaachwa na timu

Wakuu, salaam. Niko Oakdale, huku Marekani, mashariki ya Saint Paul, na ninachoandika hapa si chai. Ningekuwa natunga ningejipa sehemu ya kupendeza, sio hii.

Kuna jamaa anacheza baseball. Nitamwita Kushoto, maana ndio mkono anaotumia. Ni pitcher, yule anayemrushia mpira mwenye gongo. Msihangaike ku-google, sio jina kubwa. Maisha yake ni kuhamahama timu ndogondogo: anasainiwa, anaachwa, anasainiwa kwingine. Mkewe anasema tangu waoane hawajawahi kununua kabati.

Tulijuana alipopanga jengo letu, ghorofa ya juu, akanipa tiketi ya bure. Mimi mtu wa soka, baseball nilikuwa naiona usingizi mtupu. Ila ukimjua mchezaji, mchezo unabadilika.

Alipohama nikaendelea kumfuatilia kwenye simu, timu baada ya timu, hadi Mexico. Niko lab ya hospitali, na break ikifika wenzangu wanaangalia vichekesho, mimi naangalia Kushoto karusha vipi. Mke wangu akaanza kumwita mke mwenza.

Mwaka huu akarudi timu ya Saint Paul, akapanga jengo letu lile lile. Nilijitapa hadi kanisani Brooklyn Park, ungedhani mimi ndiye niliyemzaa.

Sasa Jumamosi moja asubuhi nafungua ukurasa wa timu, pale wanapotangaza nani kaingia nani katoka. Nakuta jina lake. Kaachwa. Kibarua kimeota nyasi.

Wakuu, niliumia. Na mnatujua sisi: mtu akipatwa na jambo hatupigi simu kuuliza tuje saa ngapi. Tunaenda, na hatuendi mikono mitupu.

Mke wangu akabandika pilau. Nikampigia Mzee Lema, mzee wetu wa kanisa, aje atuongoze kwa sala. Mke wangu aliniuliza mara moja tu, "Lakini umeongea naye?" Nikamjibu pole haina appointment. Nilijiona nimetoa bonge la neno.

Alasiri tukapanda, tukagonga. Mkewe akafungua, amefurahi kweli, akadhani tumekuja kuwasalimia wazazi wake. Kumbe wazazi wame-drive kutoka Iowa kuja kumwona mkwe wao akirusha mpira jioni ile. Baba mtu na mama mtu wameshavaa kofia za timu!

Kushoto alikuwa kwenye sofa. Aliponiona akatikisa kichwa, kidogo sana. Nikadhani ni huzuni.

Sijui siku ile akili yangu niliiacha wapi. Nikamwambia Mzee Lema aanze.

Sasa Mzee Lema akisali, tena kwa Kiingereza, anasikika mpaka parking. Akashukuru kwa wageni, akashukuru kwa pilau, halafu akamwombea "ndugu yetu aliyepoteza kazi asubuhi ya leo" afunguliwe mlango mwingine.

Nikafungua jicho moja. Mkewe alikuwa hajafumba. Anamwangalia mumewe. Mama mkwe akavua kofia taratibu, akaiweka mapajani. Na Mzee Lema anaendelea tu, maana yeye kafumba, hana habari, ndio kwanza anapandisha sauti.

"Amina" niliitikia peke yangu.

Kushoto akasema kwa sauti ya chini, "Nilitaka nimwambie mwenyewe, leo, tukiwa wawili." Basi. Hakunifokea. Afadhali angenitukana.

Mkewe akapokea sufuria, akasema asante, akaingia chumbani akafunga mlango. Baba mkwe akauliza kama pilau ina pilipili. Maskini, baba wa watu.

Nilishuka ngazi natamani ardhi ipasuke. Swali la mke wangu, "Lakini umeongea naye?", lilikuwa linanirudia kila ngazi.

Hawakukaa sana, wakahama. Sufuria niliikuta mlangoni kwetu, imesuguliwa inang'aa. Hawakugonga. Tena hawa ni watu waliokuwa hawapiti bila "hello"!

Nimefikiria sana, wakuu. Habari ya mtu ni mali yake. Kuiona mapema kwenye simu hakukunifanya niwe ndugu. Nilitaka nionekane wa kwanza kufika, na kweli nilifika wa kwanza, nikamtangulia hadi mwenye mume.

Juzi nikiwa break nimeliona tena jina lake. Kasainiwa, timu ndogo huko Texas. Nilifurahi hadi mwenzangu akauliza kulikoni. Nilishaandika "Hongera kaka", kidole kiko kwenye kutuma. Nikafuta. Nikasema safari hii nisubiri aniambie mwenyewe.

Nimesubiri. Hajaniambia.

Mliowahi kuchemka namna hii, nisaidieni: nimwandikie, au ninyamaze hadi aseme yeye? Nipondeni tu, nimestahili. Ila wa kuniambia nimpelekee pilau Texas asijisumbue.